Sheria ya Tunda Moja

Jumamosi, 31 Mei 2025

Leo nimefundisha tena! Si darasani – kwenye kibanda cha Najibu, fundi simu wa pale Kashai. Nilipeleka simu ya mke wangu Hellen ibadilishwe kioo. Nikakuta vijana wamejaa mpaka barazani, wanagombana. Nikadhani ni mpira. Kumbe kitabu. Kitabu cha mjukuu wangu!

Niandike kwa mpangilio, maana mkono unakimbia. Kokuberwa, binti wa Judica wetu, anauza dawa Muleba mjini. Akitoka dukani anaandika. *Visiwa vya Pumzi* ni kazi yake. Vitabu viwili vimetoka, cha tatu kinasubiriwa. Ni hadithi ya nchi isiyokuwapo, visiwa ndani ya ziwa lisilo na ng'ambo. Huko watu wawili wakigawana tunda moja la kahawa – punje hii yako, punje hii yangu – wanagawana na pumzi. Mmoja akichomwa, mwenzake anatoka damu. Mmoja akifa, mwenzake halioni jua la kesho. Hiyo ndiyo sheria, iko sura ya kwanza kabisa. Amechukua omukago wa wazee wetu, ule udugu wa kuchanjiana na kumeza damu ya mwenzako kwenye punje ya kahawa, akaufanya uchawi wenye kanuni. Babu yangu alikuwa na kovu la omukago karibu na kitovu. Alituonyesha kwa fahari. Mchungaji akipita, anashusha shati.

Sasa ugomvi. Mwisho wa kitabu cha pili Ishemo anazama ziwani. Kagemulo, aliyegawana naye tunda, anakaa ufukweni usiku kucha. Jua linachomoza – na yeye yupo! Vipi? Najibu anasema Ishemo yu hai, maiti haikuonekana. Kijana mmoja wa Kagoma, Byabato, anayeleta ndizi mjini kwa pikapu, anasema hakuna siri hapo. Mwandishi kasahau sheria yake mwenyewe.

"Amelala," akasema. "Amelala fofofo, na sisi tunamshonea shuka."

Najibu akamwambia chunga mdomo, huyu mzee ni babu yake. Byabato akainuka, akanipa shikamoo ya heshima, ameinama kabisa. Halafu: "Ila amelala, Mwalimu."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Kisha nikaomba tunda la kahawa.

Kwenye pikapu yake kulikuwa na kikapu cha kahawa mbivu. Najibu akatoa wembe. Nikapasua la kwanza, nikawaeleza: kwa kawaida punje ni mbili, zimelaliana tumbo kwa tumbo, ndiyo maana kila moja ina upande bapa. Lakini mara chache mbegu moja inadumaa. Iliyobaki inachukua nyumba yote, inakuwa ya mviringo kama njegere. Wakaanza kupasua wenyewe. Vijana ambao hata kuchuma kahawa hawataki! Walipoipata ya mviringo walipiga kelele mpaka bodaboda wa ng'ambo ya barabara wakaja kuona.

Nikawauliza: je, kama tunda la Kagemulo na Ishemo lilikuwa hili? Mmoja kameza punje, mwingine kameza ganda. Hawakugawana kitu. Basi sheria haiwahusu.

Najibu akapiga meza, bisibisi zikaruka.

Bila shaka mtoto alilifikiria hilo. Ni damu yangu.

Hellen ananiuliza mbona simu imerudi na kioo kilekile. Kweli! Nilisahau kuiacha.

Jumapili, 1 Juni

Nadharia imeshafika Muleba. Kwenye kundi la wasomaji, huko WhatsApp, wanaiita "nadharia ya Mwalimu". Edvina wa kwaya alinishika mlangoni mwa kanisa, bado kavaa joho, akitaka nimthibitishie kwamba Kagemulo ndiye aliyemeza ganda. Nikamweleza kwa kirefu. Foleni ya kutoka ikasimama nyuma yetu.

Jioni Kokuberwa akapiga simu. Sauti ndogo.

"Babu, umewaambia nini watu?"

Nikaanza kueleza ovari ya kahawa. Akasema basi, atakuja Jumatano.

Jumatano, 4 Juni

Amekuja. Hellen alipika ndizi na maharage, mtoto akala kama ndege. Tulipotoka nje kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, akaniambia.

"Babu, nilisahau."

Sikuelewa. Nikamuuliza amesahau nini, akasema sheria. Alipofika asubuhi ile ya ufukweni aliona jua likimwangaza Kagemulo usoni, akaandika alichoona. Sheria haikumjia akilini hata kidogo. Kitabu kikachapwa. Aligundua alipokuwa akimhesabia mteja vidonge, akabaki ameshika kikopo mkononi.

Kwa hiyo Byabato alisema kweli. Amelala, fofofo.

Na sasa wasomaji wamemwalika Jumamosi ya tarehe kumi na nne, ukumbi wa parokia, Muleba. Wataka ajibu mbele yao. Akisema amekosea, anaogopa watamwacha. Nani atafuata visiwa ambavyo mwenyewe havijui? Akisema alipanga, atakuwa mwongo.

"Na uongo wenyewe," akasema, "umeshatungwa na babu yangu."

Hilo liliniingia.

Nikamwambia si lazima uwe uongo. Mwandishi anaweza kuipokea nadharia, kama mwanasayansi anavyopokea matokeo ya mwenzake. Akatikisa kichwa. Sura ya nne, Babu. Ishemo anachomwa mkuki begani, na Kagemulo, yuko kisiwa kingine kabisa, anaona damu inaloanisha nguo yake. Kama hawakugawana tunda, damu ile ilitoka wapi?

Sikuwa nimeikumbuka sura ya nne.

Nikaanza jibu jingine. Akanishika mkono. "Mpola mpola, Babu. Bojo." Kihaya chake cha kuomba: taratibu, tafadhali.

Sijamwambia mtu. Hellen tu, naye alikuwa ameshasikia dirishani.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Najibu ametuletea pilau, na juu ya pilau habari: Byabato ameipata sura ya nne! Amepiga picha ukurasa, amechora mstari chini ya damu ya begani, akauweka kwenye kundi. Ameandika: "Nadharia ya Mwalimu imezama pamoja na Ishemo. Nayo maiti haijaonekana."

Niliudhika mpaka saa nane. Kisha nikaanza kucheka peke yangu. Miaka yote nilipofundisha niliwasihi wanafunzi warudi nyuma kwenye kitabu wakatafute ushahidi. Nani alirudi? Leo kijana anarudi mpaka sura ya nne bila kuchapwa wala kupewa maksi, kumbishia mzee! Na kitabu kimeandikwa hapa kwetu Rwamishenye, kwenye meza yangu ya kulia chakula, likizo mbili alizokaa nasi. Wacha nadharia izame.

Lakini mtoto atajibu nini?

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Mhubiri alihubiri vizuri, nadhani. Mimi nilikuwa natengeneza majibu. Nilipata matatu kabla ya sadaka.

Moja: maji ya ziwa yanakata sheria, kama mpira unavyozuia umeme. Mbili: sheria inahesabu kifo tangu maiti ionekane. Tatu – hili ndilo zuri – pumzi ya Ishemo haikuisha, imehamia kwa Kagemulo, sasa anaishi kwa pumzi mbili. Hili la tatu linakubaliana na sura ya nne, nimehakiki!

Nikampigia simu mchana. Alisikiliza yote, mtoto mwenye adabu. Akasema ni mazuri.

"Ila yananuka chaki, Babu."

Akaeleza kidogo. Kwenye kila jibu langu, Kagemulo hana anachofanya. Amekaa tu ufukweni anasubiri kuelezwa.

Hellen alikuwa anachambua mchele. "Baba Judica, wewe ukiombwa kiberiti unaanza na fosforasi." Kisha akauliza mtoto aliniomba nini hasa Jumatano ile. Nikafikiri. Hakuomba kitu. Alikuja kuniambia tu.

"Haya," akasema Hellen, akaendelea na mchele wake.

Alhamisi, 12 Juni

Byabato amekuja nyumbani! Na mkungu wa ndizi begani, anaomba radhi kwa lile la kuzama. Nikamwambia hakuna radhi kwenye hoja. Nikamkaribisha, nikamtolea kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima. Tukakaa.

Nilitaka kujua kwa nini anakazana hivi kuonyesha kwamba mwandishi alikosea. Nilidhani ni kiburi cha ujana. Kumbe! Anamsomea dada yake, Kokubanza. Dada anamenya ndizi, yeye anasoma kwa sauti. Dada alifiwa na mumewe mwaka juzi. Waliposoma asubuhi ile ya ufukweni, dada aliweka kisu chini, akauliza: kwa nini huyu ameachwa? Byabato akarudi sura zote kutafuta jibu, hakulipata.

"Kama ni siri, Mwalimu, nitasubiri. Kama mwandishi alisahau tu, basi dada yangu aliuliza swali lisilo na mwenyewe." Akatema ganda la kahawa. "Mimi nataka nishindwe. Nataka anishinde mbele za watu wote."

Na mimi ninayeujua ukweli nimekaa mbele yake! Ulimi ulikuwa mlangoni. Jibu langu la tatu nalo lilikuwa mlangoni – ningempa pumzi mbili, angeondoka anaimba. Nikatafuna kahawa. Siyo langu la kutoa.

Ameahidi kutuchukua Jumamosi kwa pikapu yake. Hellen atakaa mbele.

Nimempigia Kokuberwa, nikamsimulia kuhusu yule dada, maneno yale yale, sikuongeza langu. Akaniuliza: dada aliuliza kwa nini ameachwa, au kwa nini hakufa? Nikasema ameachwa. "Asante, Babu." Akakata. Hata usiku mwema hakusema!

Jumamosi, 14 Juni

Naandika humu humu ukumbini, daftari gotini. Viti vimejaa, wengine wako madirishani. Tumekaa safu ya pili: Hellen, mimi, Byabato. Na dada yake pia, tumempitia Kagoma. Mama mkimya, kitenge cha kijani. Najibu yuko mlangoni, anauza vitabu, na kila anayenunua anamweleza kwamba mimi ni nani. Nimemkataza kwa mdomo tu.

Wameanza na salamu, wimbo, risala ya mwenyekiti wa wasomaji. Kisha maswali. Nadharia saba zimetajwa! Bwana mmoja mwenye tai amesema Kagemulo ni mzimu tangu kitabu cha kwanza. Akazomewa. Msichana wa sekondari akasema labda sheria inafanya kazi kwa wanaopendana tu, na hawa wawili walizoeana. Akazomewa zaidi. Chakula cha ubongo, hiki! Watu wanabishana kuhusu kahawa yetu, ziwa letu, omukago wetu, kwa Kiswahili safi, na Kihaya wakikasirika. Laiti babu angekuwapo, na kovu lake.

Halafu Byabato akasimama. Ukumbi ukatulia, wanamjua. Akauliza kwa adabu, maneno machache: Je, dada mwandishi, ulipanga au ulisahau?

Kokuberwa akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu. Sikutaka aone jibu lolote usoni pangu.

"Nilisahau," akasema.

Mguno! Kama kuti limeanguka. Mtu nyuma akasema, "Si tulisema!" Mwingine akasema kwa Kihaya maneno nisiyoyaandika. Bwana mwenye tai akafunga kitabu kwa kishindo. Wawili watatu wametoka. Mwenyekiti anafuta jasho. Mtoto amesimama pale pale, hajaomba maji, hajalia, mikono imeshika karatasi. Nimeona wakaguzi wa elimu wakitetemeka kwa makosa madogo kuliko hilo. Yeye alisubiri makelele yaishe, kama anayesubiri mvua ipungue.

Byabato bado amesimama. Ameshinda, na uso wake ni wa mtu aliyefiwa.

"Basi Kagemulo afe?" akauliza. "Sheria ni sheria."

"Asife!" – wanawake, karibu wote kwa pamoja.

Kokuberwa akasema: sheria haifutwi. Na asubuhi ile haifutwi. Zote mbili nimeziandika mimi na zote mbili zinabaki. Mimi nilisahau, lakini Kagemulo hakusahau; anaijua sheria kuliko mimi, na ameamka akiwa hai. "Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya kitabu cha tatu. Nimeiandika tangu juzi. Anayetaka kwenda aende. Anayetaka kusikia akae."

Aliyekuwa mlangoni akarudi ndani nusu, mguu mmoja nje.

Anasoma sasa. Naandika bila kutazama kalamu:

*Jua lilipochomoza, Kagemulo alikasirika. Alisimama, akapangusa mchanga, akaenda kumtafuta aliyemwacha.*

Dada wa Byabato ameinama mbele, mikono imeshika kiti cha mbele yake. Kagemulo anaingia mtumbwini. Anapiga kasia kuelekea mahali ambapo, kwa sheria ya visiwa vile, hakuna aliye hai anayeweza kufika. Na anafika! Kwa kanuni ipi? Majibu yangu matatu hayafai hata moja, nimeyajaribu hapa hapa. Byabato ananisogelea sikioni, ananong'ona: Mwalimu, hii inawezekanaje?

Nimemwambia sijui, na anyamaze. Mtoto anageuza ukurasa –