Mikoa Kumi na Tisa

Torino, 3 Mei 1987

Dada Incoronata,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi isiyokwisha. Goti linaendeleaje? Binamu Teresina aliniambia uliteleza ngazini wakati wa Pasaka. Sisi wazima, ila Gerardo kifua hakimpi raha. Miaka thelathini ya kupuliza rangi kwenye magari imemkaa mapafuni, na kiwanda kimempumzisha kabla ya wakati wake. Daktari anataka Agosti apate jua na hewa kavu.

Kwa hiyo tunatafuta mahali pa likizo. Binti yetu ametujazia meza vijitabu: Liguria, Puglia, Kalabria, Sisilia. Kila mkoa una picha ya mwanamke anayecheka na kipande cha tikiti maji. Nimeona nikuulize wewe, dada. Ungekuwa sisi, ungechagua wapi?

Najua sina haki ya kukuuliza hata saa ngapi. Tangu mimi na Gerardo tulipopanda basi la asubuhi, wiki tatu kabla ya harusi yako na yeye, umeniandikia mara moja tu, mistari miwili, kunijulisha kwamba mama ameshazikwa. Lakini kuna mkoa mmoja ambao binti yangu hakuleta kijitabu chake, na mimi naogopa kuutaja.

Mdogo wako,
Vitina


Pietrascura, 20 Mei 1987

Vitina,

Barua imefika. Goti linauma mvua ikikaribia. Macho ni yale yale ya tangu utotoni: mbuzi aliye mlimani namwona hadi ndevu, tundu la sindano silioni. Mumeo mpe pole ya kifua.

Umeuliza, nakujibu. Liguria ufuo wote ni kokoto, na watu wa huko wakikupa maji ya kunywa wanataka uwashukuru mara mbili. Puglia, wanasema bahari imejaa yavuyavu wa kuwasha ngozi mwaka huu. Kalabria barabara ni kona tupu, na Gerardo alikuwa akitapika hata kwenye basi la kwenda Potenza, sijasahau. Sisilia ni tanuri, mgonjwa akafanye nini huko? Sardinia ni lazima meli, na wewe maji yakikufika magotini unaita malaika wote kwa majina.

Basi njooni hapa. Ndiyo, hapa nyumbani. Hewa ni kavu, chumba cha mama kiko tupu, nyanya zitakuwa zimeiva. Fikeni kabla ya tarehe kumi na sita, sikukuu ya Mtakatifu Roko, mfuate sanamu yake kwenye maandamano pamoja na watu wengine. Msije mkajifungia ndani kama wezi.

Dada yako,
Incoronata


Torino, 9 Juni 1987

Dada yangu mpenzi,

U hali gani? Mimi tangu barua yako ije nalia na kucheka kwa wakati mmoja, nimeunguza wali mara mbili. Vijitabu vyote nimevitupa. Gerardo ananiambia, "Huyo dada yako hajawahi kumkaribisha hata paka. Kuna kitu." Nikamwambia anyamaze, watu wanazeeka, mioyo inalainika. Sasa amenunua shati jipya na kila asubuhi analijaribu mbele ya kioo.

Nikuletee nini? Chokoleti za huku bado unazipenda? Niambie na jambo moja, dada, hata kwa neno moja tu, nipate kusafiri na moyo mwepesi. Umetusamehe?

Mdogo wako,
Vitina


Pietrascura, 30 Juni 1987

Vitina,

Sijambo. Chokoleti leta, zenye njugu.

Mwambie mumeo anunue na kofia nyeupe, jua la saa tano halina huruma. Kwenye maandamano atembee upande wa kushoto, ndiko kwenye nafasi. Mengine tutayaongea mkifika. Nimeshaanza kuanika mashuka ya kutandaza roshanini siku ya sikukuu, kwa hiyo nina kazi nyingi na siwezi kuandika zaidi.

Dada yako,
Incoronata


Pietrascura, 18 Agosti 1987

Vitina,

Nadhani mmefika, maana mliondoka hata kahawa hamkunywa, na mkono wa shati jipya ukining'inia nje ya sanduku. Mimi ni mzima kabisa. Goti haliumi. Jana nilikula sahani mbili za tambi, nikalala mchana hadi saa kumi.

Usinililie kwamba hukujua. Kila nyumba ilitandaza roshanini shuka lake zuri kuliko yote, kama kawaida, na mimi nikatandaza la kwangu. Lile la harusi. Lenye I na G kubwa kama sahani na masuke ya ngano pembeni. Miaka thelathini limekaa kashani, hajalilalia mtu. Nilijua wabebaji wa sanamu hupumzika chini ya roshani yetu kabla ya kupanda ngazi za kanisa. Nilijua bendi hunyamaza hapo. Ndiyo maana niliwaita. Ndiyo maana ya kofia nyeupe, nisimpoteze kwenye umati.

Nilimwona anainua kichwa. Nilimwona anazisoma zile herufi. Nunzia wa duka la mikate akapaza sauti, "Gerardo, shuka lako hilo, ulilisahau!" Mtaa mzima ukaangua kicheko, hata padri ikabidi ajifanye anakohoa. Gerardo akavua kofia, akasimama anaikunjakunja, hana pa kukimbilia kwa sababu nyuma kuna watu na mbele kuna mtakatifu. Safari hii basi halikuwepo.

Nimeingojea dakika hiyo tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nilifurahi, Vitina. Nilifurahi sana.

Dada yako,
Incoronata


Torino, 2 Septemba 1987

Dada,

Hujambo? Nauliza kwa sababu ndivyo mama alivyotufundisha. Tangu barua yako ifike Gerardo amelala kitandani siku sita, anaangalia ukuta. Kosa tulilifanya wote wawili, na umetulipa mbele ya watu. Sawa. Sasa zamu yangu.

Shuka hilo nani alilidarizi? Mji mzima unaamini ni wewe. Mimi, wewe na marehemu mama ndio tuliojua, na Gerardo aliyejionea mwenyewe. Bibi harusi asiyeona tundu la sindano, ilikuwa aibu, kwa hiyo mama alinikalisha kwenye dirisha la uani kila mchana kwa miezi kumi na minne, nami nina miaka kumi na minane, akaniapisha nifunge mdomo. Gerardo alikuwa akija kukutembelea. Wewe unakimbilia jikoni kumkaangia maandazi, yeye anabaki na mimi, anaitazama herufi yake inavyotoka chini ya vidole vyangu. Hukuwahi kujiuliza tulipendana wapi? Tulipendana juu ya shuka lako.

Na kuna jingine ambalo hata mama hakulijua. Fumua pindo, upande wa miguuni, kona ya kushoto. Siku niliyomaliza kazi nilikata kishungi cha nywele zangu, nikakishonea humo ndani, kama bibi harusi wa kwetu anavyofanya ili mume asimtoke. Kwa hiyo miaka yote hiyo umekuwa ukizilinda nywele zangu, unaziwekea dawa ya nondo. Na siku ya Mtakatifu Roko ulimtandaza mdogo wako juu ya mji mzima, ukashangilia.

Vitina


Pietrascura, 2 Novemba 1987

Vitina,

Hali yenu nimeipata kwa Teresina, kwamba Gerardo anapumua afadhali. Leo ni siku ya marehemu. Nimempelekea mama maua, nikamgombeza hadi watu wa kaburi la jirani wakasogea.

Wiki nane sikuligusa kasha. Nilisema ni uongo wako wa kunikomoa. Juzi nikavaa miwani ya mama, nikachukua mkasi, nikafumua. Zipo. Nyekundu vilevile, na wewe ulikuja hapa Agosti kichwa kimejaa mvi kuliko changu. Nilizipeleka hadi kwenye mdomo wa jiko nizichome. Mkono ukakataa. Nimezirudisha palepale zilipokuwa, lakini pindo limebaki wazi, kwa sababu kushona siwezi, na mjini hapa hakuna tena anayeujua mshono ule.

Uliniuliza mwezi Juni kama nimewasamehe. Sijawasamehe.

Nchi hii ina mikoa ishirini. Kumi na tisa nawaachia, nendeni likizo mnakotaka, mkacheke na matikiti maji. Huu mmoja usiukanyage hadi kengele ya kanisa ilie kwa ajili yangu. Siku hiyo njoo, mapema, na sindano yako. Nimeshamwambia padri kwamba nitafunikwa kwa shuka hilo na si jingine, na nisizikwe pindo likiwa wazi. Utakaa kando ya kitanda changu, mlango ukiwa umefunguliwa na watu wamejaa, ushone mpaka umalize. Wamwone wote aliyelidarizi.

Dada yako,
Incoronata