Mafunzo ya Mwenyekiti Baharini

Dada yangu Rehema,

Shikamoo. Natumai mmeamka salama hapo Ngao, mgongo wa Mama umepunguza maumivu, na mto umetulia ndani ya kingo zake. Mimi mwili ni mzima, ila roho imechafuka. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu, kwa kuwa simu ya Mama ikilia nyumba nzima hukusanyika kusikiliza, na haya ni yako kwanza. Barua ataileta Kazungu, mpishi wa hapa, mtu wa Malindi anayerudi likizo. Mpe chai, ni mtu mwema.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu hasa ni ipi, na mimi nimekuwa nikikwepa. Basi sikiliza. Kisiwa chetu hiki cha Maldivi ni kidogo, unaweza kukizunguka kwa miguu na chai uliyoacha mezani isipoe. Watu hupanda ndege mbili tatu kutoka pande zote za dunia kuja kutazama samaki. Si kuwavua, kuwatazama. Mimi huwajazia mitungi ya hewa, huwavisha mapezi ya mpira miguuni, huwafunga miwani ya maji, na huwaambia wateme mate ndani ya kioo kisifanye ukungu. Mtu ambaye mezani hubadilishiwa uma kwa kila chakula hutema mate mbele yangu kama mtoto anayeota meno. Kisha hujisokomeza ndani ya nguo ya mpira mpaka uso unaiva, hushuka majini, na huko chini hujikojolea humo humo. Wanasema inatia joto. Nguo hizo tunaosha sisi.

Wakipanda juu husema wamezaliwa upya. Mmoja alilia kwa sababu kasa alimtazama. Mwingine alimpanda kasa mgongoni kama punda ili apigwe picha, na Hassan, mwenyeji wa hapa anayewaongoza, alipomkataza alijibiwa kwamba likizo imelipiwa. Mvua ikinyesha hutununia kana kwamba tumeinyesha sisi. Bahari ikichafuka hutapika majini, halafu wakashangaa mbona samaki wamekuja wengi hivyo. Sisi tumekulia mahali ambapo mtu huingia majini akiwa na shughuli, na akitoka bila kuguswa na mamba hushukuru akanyamaza. Hawa huingia bila shughuli, na wakitoka hawanyamazi mpaka chakula cha jioni.

Lakini dharau hiyo ni ya kila siku, nacheka na Hassan tukala tukalala. Aliyenichafua roho ni mtu wetu wenyewe.

Juma lililopita ndege ya kutua majini ilishusha wageni, na watatu kati yao walikuwa weusi kama mimi. Nikafurahi, nikakimbilia mizigo yao kabla ya wenzangu. Nilipoinua macho nikamwona Mwenyekiti. Ndiye, dada, Mwenyekiti wa lile shirika la misaada lenye yadi ya kuwekea vifaa pale Garsen. Sauti ni ile ile ya kuhutubia, tumbo ndilo lililoongezeka. Hakunijua. Angenijuaje, mimi niliyekuwa nikikaa chini juani na wenzangu wakati yeye akisema na sisi kutoka kivulini? Nikambebea sanduku hadi mlangoni, naye akanishukuru kwa Kiingereza.

Ya mafuriko unayajua kuliko mimi. Lakini niache niyaandike, kwa maana nilikuwa huku mbali yalipokukuta, na sijawahi kuyatamka. Tuta lilipovunjika na njia ya hospitali ikafunikwa na maji, uchungu ulikuwa umeshakushika. Mjomba Hiribae alimpigia Mwenyekiti simu mpaka betri ikamwishia. Boti ya shirika ilikuwapo yadini, imefunikwa turubai, na mashine yake mpya. Akajibiwa kwamba haiwezi kutoka kwa kuwa hapakuwa na watu waliofunzwa uokoaji. Ndipo Mjomba akakupakia mtumbwini, Mama akiyakomba maji kwa sufuria, na mtoto akazaliwa kabla hamjafika. Mama aliniambia neno moja tu, kwamba mtoto hakulia. Sikumwuliza zaidi, na wewe sijakuuliza hadi leo.

Sasa mtu huyo alikuwa hapa, amevaa kaptura yenye maua. Mmoja wa wenzake alikuwa mwepesi wa maneno, nikamwuliza kilichowaleta. Akasema wamekuja kwa mafunzo ya uokoaji majini, ili boti ipate kuanza kazi. Rehema, hapa hakuna mafunzo hayo. Hapa kuna vitanda vya kulalia juani, pweza wa kuchoma, na madafu yaliyotobolewa tayari.

Kesho yake walikunjua bango. Walisimama mahali maji yanapofika magotini, wamevaa majaketi ya kuokolea, bango limeandikwa Mafunzo ya Uokoaji kwa herufi kubwa, na jina la shirika chini yake. Wakanipa simu niwapige picha. Nikawapiga. Mwenyekiti akaitazama, akaniomba nirudie, kwani nyuma yao ilionekana baa. Nikarudia, dada.

Baada ya picha wakataka kuona samaki. Hassan akatupeleka kwa boti hadi ukingo wa matumbawe, pale ambapo chini huonekana kama ua wa nyumba, kisha ghafla hapaonekani kitu, ni buluu tupu. Alimwambia Mwenyekiti asivue jaketi. Mwenyekiti akasema jaketi litamharibia picha, na kwamba yeye ni mtoto wa mtoni, amezaliwa na maji. Akalivua, akauma bomba la kupumulia, akaruka.

Alielea vizuri kidogo. Halafu mkondo ukamsogeza hadi ukingoni, akatazama chini akaona hakuna chini. Bomba likamtoka mdomoni. Akaanza kuyapiga maji kama kuku aliyekatwa kichwa, akizama na kuibuka. Hassan alikuwa mbali na wale wengine wawili, hivyo nikaruka mimi. Nilipomfikia alinipanda mabegani, akanikaba shingo, na alikuwa akimwita mama yake kwa Kipokomo.

Nami nikamjibu kwa Kipokomo. Nikamwambia aniachie shingo, alale chali, atazame juu. Nadhani kilichomfanya atii ni kuisikia lugha ya nyumbani mahali kama hapo. Akalegea. Nikamshika chini ya kidevu nikamvuta hadi kwenye boti, mzito kama gunia la mpunga ulioloa. Usinifikirie mwema. Wakati namvuta nilikuwa nakuwaza wewe mtumbwini, na nilitamani njia iwe ndefu ili aendelee kuogopa.

Juu ya boti alitapika, kisha akakaa akinitazama, mapezi ya mpira bado miguuni kama bata.

"Wewe ni wa nani?" akaniuliza.

"Wa Ngao. Dada yangu ni Rehema, aliyejifungua mtumbwini boti yako ikiwa yadini."

Wale wenzake wakageuka kutazama bahari. Mwenyekiti akasema, "Kijana, ningetuma watu wasiofunzwa wakafe?"

"Mama yangu alikuwa na sufuria," nikamwambia. "Wewe ulikuwa na boti."

Hassan akawasha mashine, akaturudisha nchi kavu.

Jioni alinifuata kwenye kibanda cha mitungi, amevaa ndala za hoteli. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lake. Alisifu kazi yangu, akauliza hali ya Mama, akasema vijana kama mimi hawapaswi kupotelea ugenini. Kisha akasema boti inahitaji nahodha, na nahodha huyo anaweza kuwa mimi. Ningerudi nyumbani, nilale Ngao, nifanye kazi Garsen. Alichoomba ni kwamba mambo ya huku yabaki huku, kwani watu wa nyumbani hawaelewi safari za kikazi.

Nitakuwa mkweli kwako, moyo ulitikisika. Hujui ninavyoikumbuka harufu ya udongo wetu maji yakishuka. Nilijiona nikiingia uani, wewe na Mama mmekaa mnapepeta mpunga. Ningeweza kukubali, na hakuna ambaye angejua. Nikamwuliza kama boti imewahi kugusa maji tangu siku ile. Akasema inangoja kuzinduliwa rasmi.

Alilisema bila aibu yoyote, Rehema, kama mtu anayekutajia hali ya hewa. Hapo moyo wangu ukatulia. Nikamwambia kwamba sichukui kazi yake, na kwamba habari zake zitafika Ngao kabla yake, kwa sababu yeye atakaa Dubai kustarehe siku kadhaa, na Kazungu wa jikoni anaenda nyumbani moja kwa moja.

Akaondoka na ndege ya asubuhi. Alikuwa amenishtaki kwa meneja kwamba nimemkosea heshima mgeni, na meneja hakuuliza mgeni mwenyewe amemkosea nani. Nimeondolewa kwenye boti, sasa naosha nguo za mpira kutwa. Usisikitike. Mikojo ya matajiri hutoka kwa sabuni.

Sasa ni wewe, dada. Mtoto alikuwa wako, basi na neno hili ni lako. Ukitaka kuichoma barua hii, ichome, na sitaitaja tena maishani mwangu. Ukitaka kuisoma mbele ya kina mama wa kijiji, isome yote, hata pale nilipoandika vibaya. Mwenyekiti atawaonyesha ile picha ya bango, na wengine watapiga makofi. Waambie aliyeipiga ni nduguyo, na kwamba maji yalikuwa ya magoti.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie Mjomba Hiribae, na mkono wake uliopiga kafi siku ile. Shemeji nampa pole ambayo sikumpa kwa simu. Na jirani yetu Guyo mfugaji, aliyewaletea maziwa mlipokuwa kwenye mahema ya mafuriko, mwambie sijamsahau.

Nakuombea usingizi, dada, na nguvu za kuamua.

Mimi nduguyo niliye mbali,
Buya