Milioni Moja na Tatu

Baba yangu,

Haigawanyiki! Naanza na hilo kwa sababu ungeniuliza hilo kabla hata ya salamu.

Ulipofariki, daftari lako lilikuwa chini ya mto, kalamu ndani yake, kwenye ukurasa ulioishia kugawa kwa 613. Waliokuja msibani pale Old Kampala walidhani ni hesabu za nyumbani. Mimi nilijua. Mwalimu Mugisha, mliyefundisha naye miaka yote ile, alikucheka mbele ya wanafunzi uliposema milioni moja na tatu haigawanyiki: "Namba kubwa hivyo, Maalim, haikosi kitu cha kuigawa." Ukamjibu, "Nitakuonyesha kwa kalamu." Ukaanza kuigawa 1,000,003 kwa kila namba tasa, moja baada ya nyingine, na kikokotoo cha simu ukakikataa katakata.

Zilikuwa zimebaki hamsini na sita. Nilikumbuka ulivyonieleza siku moja tukimenya matoke: tukifika elfu moja tunaacha, maana namba mbili zinazozidi elfu zikizidishana zinaipita milioni moja na tatu. Kama ina vigawanyo, kimojawapo lazima kiwe huku chini. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu ya hesabu, nilielewa siku hiyo. Kwa nini sikukuambia?

Basi nimezimaliza katika soko la Owino, kwenye meza yangu ya mitumba, kila mteja akiondoka. Mama Achieng, yule Mkenya jirani yangu, alikuwa akiniuliza kila asubuhi nimefika ngapi.

Halafu 787. Ikagawanyika, Baba. Hakuna baki. Nililia palepale sokoni; kichwani nilimwona Mwalimu Mugisha akicheka tena, na wewe hupo kumjibu. Mama Achieng akaniletea maji. "Rudia, dada. Mzee hakuwa mtu wa kubahatisha." Nikarudia mara tatu. Kumbe nilisahau kukopa kwenye kutoa! Baki ni 513.

Ya mwisho ilikuwa 997. Inaingia mara elfu moja na tatu, zinabaki kumi na mbili. Nilipiga kigelegele mpaka wateja wakageuka.

Ijumaa, baada ya swala, nilimpelekea Mwalimu Mugisha daftari. Alilikagua ukurasa kwa ukurasa hadi adhana ya alasiri. Kisha akavua miwani. "Ni tasa. Maalim ameshinda." Akarudi kwenye kurasa za mwisho, akazitazama tena. "Huu si mwandiko wake. Ni wa nani?"

"Wangu," nikasema. Sauti haikutetemeka, Baba. Laiti ungenisikia.

Nimejiandikisha kufanya mtihani wa hesabu wa kidato cha nne, mwanamke wa miaka arobaini na moja, katikati ya watoto wa watu. Nakuahidi safari hii sitaukimbia. Pumzika kwa amani ya Mola, Baba. Kazi yako imekwisha. Yangu ndiyo kwanza inaanza.

Binti yako,
Zaina