Mkaja wa Siku Sitini na Tatu

Barani, Malindi
9 Septemba 1984

Kwa dada yangu Khamisa,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mdogo wako. Naomba barua hii ikukute huko Lamu u mzima, wewe na watoto, na shemeji Fumo kifua chake kiwe kimetulia, maana juzi niliota anakohoa. Sisi huku hatujambo. Binti yetu, somo wa marehemu mama, ananyonya vizuri na mashavu yamejaa.

Habari zangu mimi ni ndefu kidogo. Tangu nilipojifungua, mavyaa wangu Bi Harusi, mama yake mume wangu Mbaruk, ndiye anayenifunga mkaja, kwa kuwa mama hayupo wa kunifunga. Kila alfajiri hunikanda tumbo kwa maji ya moto, kisha huchukua dhiraa nne za kitambaa cha marekani, hunitia goti mgongoni na kukaza mpaka pumzi inaniishia. Nafungwa kama robota la papa wa kwenda Mombasa. Zile siku arubaini nilizihesabu kwa furaha, nikijua zikitimia nitaoga, nitavaa, nitatoka. Leo ni siku ya sitini na tatu na bado nimo ndani.

Sababu ni tumbo. Halikurudi. Bi Harusi amesema tangu aolewe hapa Barani hajapata kuona mzazi aliyemaliza arubaini akabaki na tumbo la miezi mitano, na kwamba mke wa mwanawe hatatoka mbele za watu hivyo, waje waseme hakufungwa. Harusi ya binamu wa Mbaruk imepita. Ngoma nilizisikia nikiwa kitandani. Wali nimekatazwa, nazi nimekatazwa, nakunywa uji wa pilipili manga asubuhi na jioni. Si mtu mbaya, dada. Nguo za mtoto huzifua kwa mikono yake, na mimi hunipenda. Ndiyo maana sijui nimkasirikie nani.

Njia yangu ya pekee ya kutoka ni siku ya kumpima mtoto kiliniki. Huko yuko nesi mmoja, Jedida, Mgiriama wa Gede, mwenye ulimi mkali. Wiki iliyopita aliniona nahema, akanifungua mwenyewe, akauliza kama nimezaa mtoto au nimevunjika mbavu. Kisha akanisimamisha ukutani, visigino, makalio na kisogo vikigusa, akapitisha ngumi nyuma ya kiuno changu, nayo ikapita bila kugusa kitu. Akasema mafuta tumboni mwangu ni kidogo tu. Misuli imelegea kwa uzazi, naam, lakini kubwa zaidi ni kusimama kwangu: nalegeza magoti, nabinua kiuno, nainamisha mabega, na tumbo halina pa kwenda ila mbele. Mkaja wanibana bure. Ninachohitaji ni kutembea na kusimama wima. Akanielekeza, nikanyooka. Wallahi tumbo liliingia huku naliona. Akaniuliza nasimama vile tangu lini. Nikamwambia tangu mimba. Nilimdanganya.

Mficha uchi hazai, dada. Mimi nimezaa na bado naficha, basi acha niseme. Ni tangu siku ya harusi yangu. Unakumbuka tulipoitwa kupigwa picha, Mbaruk akanifika sikioni, wanawake wakaanza kucheka? Ulinisogelea ukaninong'oneza nilegeze magoti na kutupa tumbo mbele kidogo, kwani mume hapitwi urefu nyumbani mwake. Nikalegeza. Picha ilitoka nzuri. Miaka miwili sasa sijanyooka, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Ijumaa nilimwonyesha Mbaruk. Nilitumaini akiona tumbo limeingia atamwambia mama yake yatosha. Nilivua mkaja, nikasimama ukutani, nikanyooka wote. Aliona tumbo, akafurahi, hata akapiga makofi. Kisha macho yake yakapanda, yakapanda, mpaka ikambidi kuinua kidevu. Baadaye akasema kwa upole kwamba nisijichoshe, na afadhali mama aendelee kunifunga mwezi mmoja tena. Akanisogezea kigoda. Nami nikaketi, dada. Hakuna aliyenisukuma.

Nina hasira naye, nina hasira nawe, na zaidi nina hasira na nafsi yangu.

Mbaruk atakutumia barua yangu nyingine, ya salamu tupu. Hii nampa Jedida aitie posta. Wewe ndiwe mkubwa wetu, na Bi Harusi ni mtu wa desturi. Ukija mwenyewe kunitaka nikapumzike kwenu baada ya uzazi, hatakuwa na la kukujibu. Nisalimie shemeji, wanao, na kila anayeniulizia. Mtoto anakubusu mikono.

Jibu usiliandike, kwani barua zote hapa Mbaruk huzisoma kwanza. Tena ukiandika utaniambia nivumilie, na kuvumilia nakujua. Njoo tu.

Ni mimi mdogo wako mwenye hamu nawe,
Zuleikha