Kibibi Hajatoka Arobaini na Mwenye Nyumba Yuwaja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa maana usingizi umeniruka, mimi ni jirani wa Bi Nana, mwenyeji wa hapa Malindi aliyeolewa Tanga, na nyumba yake ya hapa ni ya kupumzikia tu, zamani alikuja kila shule zikifungwa na akiondoka hunikabidhi ufunguo na kuniambia, "Kaltuma, hii ni amana," kisha mpaka wa Tanzania ukafungwa asiweze kuja, na mwaka huu kipindupindu kikawa kama kufuli la pili. Ugonjwa ulipoingia mtaani kwetu kisima tunachoteka sote kikasemwa ni kibovu, na mdogo wangu Kibibi alikuwa mja mzito, siku zake zimekaribia, nami najua nyumba ya Bi Nana ina birika la maji ya mvua lililofunikwa vizuri, basi nikafungua mlango nikamwingiza, akajifungua salama mtoto wa kike juu ya kitanda cha Bi Nana mwenyewe, alhamdulillahi, na kwetu hakuugua hata mmoja, kila nikinywa yale maji namwombea Bi Nana dua. Sasa mpaka umefunguliwa na msafiri ameleta salamu kwamba Bi Nana yuwaja Ijumaa, nami nimetamani kumwona miaka yote hii, lakini Kibibi hajatoka arobaini na kwetu mzazi hahamishwi chumba kabla ya siku zake. Mume wangu Awadh asema, "Mtoeni leo, msugue chumba, mfukize udi, hatajua kitu." Nifanyeje nisimkose ndugu wala jirani?
Kaltuma, Malindi

Dada Kaltuma,

Hongera ya mtoto, na pole kwa hofu iliyokupata. Sasa nikugombeze. Amana haitumiwi bila idhini ya mwenyewe, na wewe wajua hilo, ndiyo maana hulali. Lakini wa kumuuliza alikuwa ng'ambo ya mpaka na maradhi yamefika mlangoni. Hata mimi ningefungua.

Kosa lako laombewa radhi. Shauri la Awadh ni uongo, na njia ya mwongo ni fupi. Wanawake wa mtaa mzima wameingia chumba kile kumpa Kibibi hongera. Afukize udi wa dunia nzima, ndimi zao hazitafungika.

Kibibi asitoke. Chumba chako na Awadh kitandike shuka safi, Bi Nana alale humo akipenda, na huyo Awadh akalale sebuleni. Ijumaa nenda wewe mwenyewe kituo cha basi, umweleze yote kabla hamjafika mlangoni. Akikasirika, nyamaza, ana haki yake.

Kisha umshukuru, tena sana. Huenda miaka yote hiyo alikuwa akihuzunika kwamba nyumba yake imekaa bure. Akishaketi, mpe yule mtoto ampakate, umwambie: "Bi Nana, huyu yu hai kwa maji yako."