Mimi Siyo Mtu Yeyote

Karakana ya Milango,
Nyuma ya Soko Kuu.
Jumapili, tarehe 9 mwezi wa sita.

Mpendwa dada yangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Hujambo huko uliko? Shemeji naye hajambo? Kifua chake kimepoa, au bado anakohoa akikutana na vumbi? Mwambie aache kujifanya kijana. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, lakini randa naisukuma vilevile, na hapa karakana hakuna kijana anayeweza kunyoosha ubao mbele yangu bila kuona haya. Macho pia ni mazima, miwani ni ya heshima tu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Walitaka kuniandikia nikakataa. Shule niliiacha mapema lakini herufi hazikuniacha. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe huko huko.

Barua yako nimeipata. Nilianza kuisoma kwa furaha nikaimaliza kwa hasira, kwa hiyo nimekaa kwanza nipoe ndipo nikujibu.

Umeniandikia kwamba mkwe wetu alikupigia simu akilia, kwamba ameacha ukali, kwamba anaomba arudi nyumbani kwake na mambo yamalizwe na familia kabla ya siku ya mahakama. Ukanisihi nimfikishie binti yangu. Sijamfikishia, wala sitamfikishia. Usininunie kabla hujafika mwisho wa karatasi.

Unajua kwa nini mtaa mzima unamwita yule bwana Mpole. Hapandishi sauti. Nami nilimpenda kwa upole huo huo. Lakini mwezi wa nne alimpiga binti yangu kwa kiti akamvunja kidole cha mkono wa kulia. Na wewe unajua Sindano ni fundi cherehani, kidole hicho ndicho kinachoongoza kitambaa. Mlango wa chumba alichojifungia akimkimbia ulikuwa kazi yangu. Watakuambia ulivunjika. Haukuvunjika. Bawaba ndizo zilizong'oka, na bawaba sikutengeneza mimi, zilinunuliwa dukani.

Hospitali walimfunga kidole na daktari akaandika alichokiona. Polisi wakaandika na wao. Kisha akapelekwa kwa wakili wa msaada wa kisheria, msichana mwembamba, hatozi kitu. Mimi nilikwenda naye ili wasije wakamdanganya mtoto wangu. Yule wakili akatueleza taratibu. Kesi ya kupigwa ni ya polisi, ina njia yake. Talaka, akiitaka, ina njia yake, na matunzo ya watoto nayo yana yake. Lakini kabla ya zote kuna amri ya ulinzi, na hiyo haingoji nyingine. Sindano akala kiapo mbele ya hakimu, akasema yaliyompata, na siku ile ile akatoka na amri ya muda, mpaka mumewe naye aitwe asikilizwe.

Mimi nilikuwa nimeshapiga misumari kitanda cha watoto kwangu, nikijua atahamia. Wakili akaniuliza, "Mzee, aliyepigwa ndiye ahame?" Kumbe amri inamtoa aliyepiga. Mpole alikuja na askari, akachukua nguo zake, akaondoka. Sindano na watoto wamebaki kwao, na cherehani yake iko pale pale dirishani.

Sasa usicheke. Niliposikia amri ya ulinzi nilijua mahakama italeta mlinzi. Nikamtengenezea kiti, kiti cha maana, chenye mgongo, kwa sababu sipendi mtu akae nyumbani kwa mwanangu juu ya debe. Nikakibeba mpaka mlangoni kwake.

"Baba, hiki cha nani?"

"Cha mlinzi wako."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa zamani sijamsikia akicheka. Akanitolea karatasi kwenye pochi akasema mlinzi ndiye huyu. Nakala moja iko kituoni, na Mpole akikanyaga pale, Sindano anapiga simu na askari wanamkamata kwa kuivunja amri tu, hata kama hajamgusa. Mimi karatasi sikuiamini. Kitu kisicho na komeo mimi nakiamini vipi?

Baadaye Mpole akaja karakana. Alikuja taratibu, shikamoo baba, akanishikia ncha ya ubao nikiukata kwa msumeno. Akasifu milango yangu, na alisifu kwa haki. Halafu akasema, "Baba, mwambie tu nampenda. Na nimeacha. Akiniruhusu nirudi, yamekwisha." Nikaona kijana ana adabu. Nikavua koti la kazi, nikaenda kwa Sindano, nikamweleza neno kwa neno bila kupunguza wala kuongeza.

Akasimamisha cherehani.

"Baba, umetumwa."

"Mimi nitumwe? Nani wa kunituma mimi?"

"Umetumwa, na umefika."

Akanisomea ile karatasi. Asimsogelee, asimpigie simu, wala asimpelekee ujumbe kupitia mtu yeyote. Nikamwambia asome vizuri. Mtu yeyote. Mimi siyo mtu yeyote, mimi ni baba yake, na mtaa huu mlango upi haukupita mikononi mwangu? Alirudi kwenye kazi yake. Uzi ulikuwa umetoka, akawa anautafutia tundu anakosa, anautia mate, anakosa tena. Yeye, tunayemwita Sindano tangu mtoto kwa sababu alikuwa akitunga uzi gizani. Nikakaa kwenye kiti cha mlinzi kwa kuwa goti lilikuwa limechoka.

Siku ya mahakama ikafika. Ni chumba kidogo, hakimu, karani, na sisi wenye shauri, watazamaji hawaruhusiwi. Mpole akasimama kwa ile sauti yake. "Mheshimiwa, haya ni ya nyumbani. Kidole kilikuwa bahati mbaya, kiti kilianguka. Tumeshaelewana. Hata baba mkwe amekubali, ndiye anayenipelekea salamu."

Hapo ndipo nilipoelewa siku ile karakana alikuwa akishika ubao wa nani.

Hakimu akaniita. Nikasimama bila kungoja goti.

"Mzee, ulipeleka ujumbe wake?"

"Nilipeleka, mheshimiwa. Lakini mimi siyo mtu yeyote."

Karani akaziba mdomo. Hakimu, mwanamke wa umri wa mwanangu wa kwanza, hakucheka. Akasema, "Mzee wangu, mbele ya amri hii baba ni mtu yeyote. Shangazi ni mtu yeyote. Hata mimi nikimbebea salamu zake, ni mtu yeyote. Sasa niambie. Binti yako alikubali?"

Nikamwambia hakukubali. Nikamwambia na habari ya uzi. Ubishi wangu unaujua, dada yangu, nimewahi kubishana na wahandisi wakabomoa fremu wakaweka kama nilivyosema. Siku ile sikubisha. Hakimu akamgeukia Mpole akamwonya kwamba akituma tena mtu, atalala ndani. Amri ya muda ikaongezwa mpaka tarehe 27 mwezi huu, siku ya mashahidi. Siku hiyo ndipo itakapoamuliwa ama iwe amri kamili, ama ifutwe na Mpole arudi pale ndani na ufunguo wake.

Basi, karakana alipopaona pamefungwa, akatafuta mlango mwingine, akaupata kwako. Amekutuma wewe, ili wewe unitume mimi. Akifanikiwa atasimama tena mbele ya hakimu aseme hata shangazi mtu amekubali. Tazama alivyotufanya, watoto wa mama mmoja, tumekuwa watu wowote.

Barua yako nimempa wakili. Ruhusa naiomba sasa. Amesema ni kitu kizuri sana, inaonyesha ametuma tena baada ya kuonywa. Na amesema kuna kikubwa kuliko hicho. Mpole anashikilia kwamba kidole ni mara moja na ni bahati mbaya. Mwaka jana ulipokuja kututembelea, joto lile, Sindano alikuwa na sweta. Wewe ndiye uliyemkunjia mkono wa sweta pale jikoni ukaona alama, wewe peke yako. Mimi nilikuja kuambiwa. Hakimu hataki kusikia nilichoambiwa, anataka aliyeona.

Kwa hiyo nakuomba uje tarehe 27. Nimesema nakuomba, na unajua neno hilo halinitoki ovyo. Usitie chumvi. Sema ulichokiona, mkono upi, rangi gani, na yeye alikuambia nini. Ukiogopa kumtazama usoni, wakili anasema atamwomba hakimu uketi mahali ambapo hamtazamani, na mtasubiri chumba tofauti na chake. Shemeji akikuambia familia haipelekani mahakamani, mwambie asome barua hii, na pale penye herufi mbaya aniulize mimi. Hatujampeleka mtu wa familia. Tumemlinda mtu wa familia.

Na Mpole akikupigia tena, usimgombeze, usimfariji, usimwahidi. Andika siku aliyopiga na alichosema, halafu uje nacho.

Sindano anakusalimu. Kidole kimeunga lakini kimepinda kidogo, amejifunza kuongoza kitambaa kwa kingine. Jioni anakitoa nje kile kiti cha mlinzi anakaa anapindia nguo kwa mkono, kitu ambacho zamani hakuthubutu, Mpole hakutaka aonekane nje. Nimeongeza kiti cha pili kando yake, kimekaa kitupu, hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Ni cha siku utakayokuja.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako mwenye redio, na wale pacha, uwaambie babu anawatengenezea mlango mdogo wa nyumba yao ya kuchezea, na utakuwa na komeo la kweli. Mungu akuweke, akupe safari nyepesi na ulimi usiotetemeka.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
fundi wa milango, mtu yeyote.