Mzee wa Kanisa Alimtoboa Kondoo Wangu wa Puto

Mpendwa Shangazi Tineke, nakuandikia kwa hasira, maana mimi ni mama wa makamo hapa mjini Barneveld na tangu watoto wetu wahame nyumbani nimejifunza kusokota maputo yawe mbwa, njiwa, safina nzima ya Nuhu, nikaona mbona nisimhubiri Kristo kwa hayo hayo, basi kila Alhamisi nikawa nakwenda nyumba ya kutunzia wazee, nasokota huku nasimulia habari za kondoo aliyepotea, wazee wanacheka hadi kahawa inamwagika, na Bi Aaltje, ambaye hata jina la mwanawe limemtoka, akimkumbatia kondoo wake wa puto anaimba zaburi beti zote bila kukosea.

Sasa mwanawe ndiye Harmen, mzee wa kanisa letu, na siku moja akaingia akatukuta, akafoka, "Gerdien, Injili si sarakasi!" Nikamjibu, "Harmen, hebu msikilize mama yako kwanza." Wapi! Alichomoa kalamu mfukoni akamtoboa yule kondoo, pa! mikononi mwa mama yake, na Bi Aaltje akaangua kilio, anauliza, "Nimekosa nini?"

Tangu hapo sijarudi. Mume wangu Evert anasema, "Mke wangu, kaombe radhi yaishe, Harmen ni rafiki yangu tangu shule." Shangazi, niombe radhi kwa kosa gani? Nimeapa siachi, lakini nyumbani hatusemezani, kila mtu anakula viazi vyake upande wake. Nishike lipi?

Gerdien

Gerdien mwanangu, barua yako nimeisoma, pole sana. Mtu mzima anayetoboa puto mikononi mwa mama mgonjwa hatetei Injili, ana jambo linamchoma. Mama yake hamkumbuki hata kwa jina, halafu anakukuta wewe na maputo yako umemwimbisha zaburi. Hilo halimpi haki, lakini linauma, na ulijue kabla hujamkabili.

Sasa zamu yako. Umeapa huachi, na hapo hapo umeacha! Unamkomoa nani? Harmen anakula mkate wake wa jibini kama kawaida. Aliyenyimwa wimbo ni Bi Aaltje.

Radhi usiombe. Evert mwambie waziwazi kwamba urafiki wake aulinde kwa mdomo wake mwenyewe, si kwa magoti yako. Kazungumze na msimamizi wa nyumba ile, maana ruhusa ni ya kwake na ya wazee wenyewe. Kisha kapige kengele mlangoni kwa Harmen, peke yako, umwambie: "Ulimliza mama yako. Alhamisi narudi, saa ya kahawa. Njoo umsikie anavyoimba." Akianza kubisha, usibishane. Panda baiskeli yako uende zako.

Na Alhamisi hiyo akitokea mlangoni, usimpe hotuba. Mvutie kiti karibu na mama yake, wewe uendelee kusimulia.